Mzazi Aliyepasuliwa: Kumtunza Ndani ya Arobaini

Kijitabu hiki ni cha mzazi aliyejifungua kwa upasuaji, cha mumewe, na cha mama, mkwe au shangazi anayemuuguza. Arobaini yetu ya Unguja ina kheri nyingi: mzazi anapumzika, anapikiwa, anapokewa mtoto. Lakini aliyepasuliwa ana mshono tumboni, na baadhi ya mambo tuliyoyazoea yanamdhuru.

KABLA YA KUTOKA HOSPITALI

Iwe Mnazi Mmoja, Mwembeladu, Kivunge au Makunduchi, mzazi apimwe presha na joto, aangaliwe damu inayotoka, apewe dawa ya maumivu na asaidiwe kunyonyesha mapema. Ukiumwa, sema, usistahamili kimya. Ukiruhusiwa kuinuka, tembea kidogo kidogo, kwani kulala tu huweza kugandisha damu miguuni.

Uliza, na ujibiwe:

• Nimepasuliwa kwa sababu gani?
• Dawa hizi natumia vipi, hadi lini?
• Bendeji inatolewa lini? Nyuzi zinatolewa au zinayeyuka zenyewe?
• Nikizidiwa usiku, niende wapi?

KUKANDWA NA MKAJA

Tumbo lisikandwe kwa maji ya moto. Ngozi iliyo karibu na mshono huwa na ganzi, hivyo mzazi anaweza kuungua asihisi, na kukandamiza kunaweza kufumua kidonda. Mkaja wa kubana hufungia jasho juu ya mshono, na unyevu huzalisha vijidudu. Anayetaka kumkanda, amkande mabega na mgongo.

KIDONDA NA KAZI

Bendeji ikishatolewa, oga kwa maji safi na sabuni, kisha kausha mshono kwa kitambaa safi bila kusugua. Usipake manjano, majivu, mafuta wala dawa usiyoandikiwa. Vaa dera pana.

Usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Kubeba ndoo na kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi wafanye wengine, mume akiwamo.

KULA NA KUNYONYESHA

Uji wa pilipili manga hauna neno, lakini hautoshi peke yake. Mpe samaki, maharage, mboga, matunda na maji mengi, ili apate nguvu na asipate choo kigumu. Mtoto apewe dang'a, yale maziwa ya mwanzo, na maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Lala ubavu unaponyonyesha, au mshike mtoto chini ya kwapa, asiugandamize mshono.

NENDA HOSPITALI MARA MOJA UKIONA

• Homa, au mshono unaotoa usaha, unaonuka au kufumuka
• Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au uchafu wenye harufu mbaya
• Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au degedege
• Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata
• Mkojo kuziba au kuvuja
• Huzuni isiyokwisha, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto
• Mtoto kukataa ziwa, kupumua mbio, kuwa wa moto au baridi, au kuwa manjano

Usingoje kupambazuke, wala mume arudi kutoka kazini.

KLINIKI HAIVUNJI AROBAINI

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waangaliwe angalau mara 4: ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Mara 2 za mwanzo aghalabu zinakukuta wodini. Ya tatu inaangukia ndani ya arobaini: toka uende, hata kama hujioni mgonjwa. Mhudumu wa mpango wa Jamii ni Afya akibisha hodi, mkaribishe na umweleze yote.

UZAZI UJAO

Subiri angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Njia ya uzazi wa mpango uichague pamoja na mumeo na muuguzi. Kovu la ndani linaweza kupasuka wakati wa uchungu, kwa hiyo uzazi ujao uwe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, si nyumbani. Aliyezaa kwa kisu mara moja huenda akaweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Daktari ndiye wa kuamua nawe, kwa kutazama maelezo ya upasuaji wa kwanza. Hifadhi kadi yako, na siku ya kwanza ya kliniki ya mimba hiyo umwonyeshe.