Gari la kujiundia: je, linafaa kwa safari za kila siku?

Uingereza ndiko ufundi wa magari ya kujiundia ulikoota mizizi. Mwaka 1957 Colin Chapman alitoa Lotus Seven, gari dogo la michezo la viti viwili ambalo mnunuzi aliweza kupelekewa vipande vipande akaliunganisha mwenyewe, na kwa njia hiyo akaepuka kodi iliyotozwa magari kamili. Tangu 1973 kampuni ya Caterham ndiyo inayoliendeleza, na mafundi wengi wa nyuma ya nyumba wamejenga magari ya umbo hilo kwa chasisi ya mabomba na injini iliyotolewa kwenye gari kuukuu. Haya ni maswali ambayo fundi wa magari haya huulizwa mara kwa mara na watu wanaotaka kwenda nayo kazini.

Kweli linaweza kutumika kila siku, jua na mvua?

Linaweza, lakini jambo hilo huamuliwa kabla hujashika spana. Watu wengi huagiza vipande huku wakiwazia barabara tupu ya Jumapili. Wanaacha hita, wanaacha kioo kirefu cha mbele, wanachukua springi ngumu za mashindano na klachi nzito. Halafu Januari inaingia, saa moja asubuhi bado giza, kioo kimejaa ukungu kwa ndani na foleni haisogei.

Anayetaka gari la kila siku aagize hita, kioo cha mbele chenye nyaya za kupasha joto, turubai zuri lenye milango yake, springi laini, na injini ya kawaida. Napendekeza sana magari yanayojengwa kwa vipuri vya Mazda MX-5, gari lililoanza kuuzwa 1989 na likanunuliwa kwa wingi. Beringi ikilia au alteneta ikifa, unapata nyingine bila kuhangaika. Injini ya ajabu yenye nguvu nyingi itakuweka kituo cha basi ukisubiri kipuri kutoka mbali.

Kitu gani husumbua zaidi?

Umeme, na hasa ethi. Katika gari la kawaida, bodi ya chuma ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Lakini faibaglasi ya gari la kujiundia haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa iliyofungwa juu yake inahitaji waya wake wa ethi hadi kwenye chasisi. Wajenzi wengi huzikusanya ethi za taa zote za nyuma kwenye boliti moja, wanaikaza juu ya rangi, na taa zikiwaka wanaridhika.

Baada ya miezi michache ya mvua kutu inapenya chini ya kichwa cha boliti ile. Unakanyaga breki, indiketa inafifia na taa ndogo zinapepesa, kwa sababu umeme uliokosa njia yake unarudi kupitia taa ya jirani. Usihangaike na balbu. Fungua boliti, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, rudishia kwa washa yenye meno, kisha paka grisi juu yake. Ukijenga upya, zipe taa za nyuma ethi mbili, kila upande na yake. Ni hatua ndogo, lakini imewaokoa watu wengi na usiku wa kusimama kando ya barabara kuu.

Nasikia boliti hulegea. Je, ni hatari?

Katika majuma ya mwanzo hulegea kweli, kwa sababu rangi iliyo chini ya washa hubonyea na bushi za mpira hukaa mahali pake. Kaza kila boliti ya springi, usukani na breki kwa spana ya kipimo, halafu chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inachokalia. Asubuhi unainama na tochi tu. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka. Nati zenye pete ya plastiki ndani zitumike mara moja. Ukizifungua, weka mpya.

Na chumvi ya majira ya baridi?

Hiyo ndiyo adui mkubwa kuliko mwendo. Mabati ya alumini hufungwa kwa riveti kwenye mabomba ya chuma, maji ya chumvi yanaingia katikati, na metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji hayo alumini huanza kulika na kutoa unga mweupe. Osha gari kwa chini kila wiki, na puliza nta ndani ya mabomba kabla ya baridi kuanza.

Usalama wake ukoje?

Kabla ya kusajiliwa, gari la kujiundia hupita ukaguzi wa Uingereza uitwao IVA, uliochukua nafasi ya ule wa SVA mwaka 2009. Wanaangalia breki, mikanda, usukani, taa, vioo, kelele, hata ncha kali za nje, ambazo lazima ziviringwe hadi nusu kipenyo cha milimita 2.5. Ni ukaguzi mzuri na ninauheshimu. Hata hivyo, kwa kawaida gari hili halina mifuko ya hewa wala ABS, na dereva wa lori anaweza asikuone kabisa. Mimi simpakii mtoto mdogo. Taa ziwashwe mchana, na usikae kamwe ubavuni mwa lori.

Mafuta na bima?

Mjini halili sana kwa kuwa ni jepesi. Kwenye barabara kuu umbo lake hupingana na upepo, na nafuu hiyo hupungua. Kuhusu bima, sera nyingi za magari haya huweka kikomo cha maili kwa mwaka, na nyingine hazijumuishi safari za kazini. Sema wazi kwamba unakwenda nalo kazini, na upate jibu lao kwa maandishi.

Naweza kulipeleka Kenya?

Usukani uko upande unaotakiwa, lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na gari lenye namba ya Q ya Uingereza ni lile ambalo umri au asili yake haikuweza kuthibitishwa. Kabla ya kulipia meli, pata jibu la shirika la viwango la huko, KEBS, na mamlaka ya usafiri, NTSA. Hata likiingia, sampu ya oili iko chini mno kwa matuta yetu.

Je, ninunue lililojengwa na mtu mwingine?

Nunua, mradi mwenyewe akuoneshe cheti cha IVA, risiti za vipuri, na picha za chasisi ikiwa tupu kabla ya mabati kufungwa, maana viungio vilivyochomelewa vikishafunikwa huwezi kuvikagua. Mjenzi makini huwa na picha nyingi na hufurahi kuzionesha. Asipokuwa nazo, tafuta gari jingine.