Kutembea Ukiwa na Moyo Uliotanuka

Mtu akiambiwa hospitalini kwamba moyo wake umetanuka, yaani hausukumi damu vizuri, ndugu humkataza kila kazi. Wanafanya hivyo kwa upendo: wamemwona akipanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini akihema hadi anashika ukuta. Lakini kumlaza kutwa nzima kunamdhuru.

Moyo dhaifu hupeleka damu kidogo kwenye misuli ya miguu. Misuli ikikosa oksijeni ya kutosha huchoka upesi na kuushtua ubongo, nao huiharakisha pumzi. Mapafu yakiwa na majimaji huwa magumu kutanuka, hivyo mgonjwa huvuta pumzi fupifupi za haraka. Ndiyo maana kwa mwendo uleule anahema kuliko jirani yake mzima. Mwinuko nao huongeza kuhema: Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na vilima haviishi. Lakini akilala tu, misuli hiyohiyo ya miguu hulegea, na kuhema huzidi.

Utafiti uliochapishwa 2009, uliofuatilia wagonjwa 2,331 huko Marekani, Kanada na Ufaransa, ulionyesha kwamba mazoezi yaliyopangwa ni salama kwa wale ambao hali zao zimetulia. Kwa hiyo muulizeni daktari wa kliniki, kisha muanze kidogo: dakika tano za kutembea kwenye tambarare, mkiongeza taratibu wiki baada ya wiki. Mmoja wenu atembee na mgonjwa wakipiga soga. Akimaliza sentensi bila kukatika, mwendo unamfaa. Akitoa neno mojamoja, wapunguze au wasimame. Kwenye baridi ya Julai wasubiri jua litoke, na mgonjwa asikae jikoni penye moshi wa kuni.

Zipo siku za kutotembea kabisa. Akihema akiwa amekaa, akiongeza mito ili apate usingizi, akishtuka usiku kutafuta hewa, miguu ikivimba, au uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikimbana au akizimia, ni hospitali mara moja.

Kwa wagonjwa wa Hospitali ya Muhimbili waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa 2014, chanzo kikubwa cha ugonjwa huu kilikuwa shinikizo la damu. Kwa hiyo chumvi ipunguzwe kwenye chungu cha wote, watu wazima wa nyumba hiyo wapime presha, na mgonjwa ameze dawa zake hata siku anazojisikia mzima.