Wageni wa Ebenezeri na Meza ya Bwana

Katika 1 Samweli sura ya 7 tunasoma jinsi Samweli alivyosimamisha jiwe na kuliita Ebenezeri, yaani Jiwe la Msaada. Jina hilo lilipewa pia kijiji cha wakimbizi huko Georgia, Marekani, wakati nchi ile ilipokuwa koloni la Uingereza. Habari zao zinatuhusu sisi Waanglikana, wala si kwa sifa tu.

Watu hao walikuwa Walutheri wasemao Kijerumani, kutoka Salzburg. Mwaka 1731 Askofu Mkuu Firmian, aliyekuwa pia mtawala wa nchi, aliamuru wafukuzwe kwa sababu ya imani yao. Wasiokuwa na mali ya ardhi walipewa siku 8 tu, na baridi ilikuwa imekaribia. Waliotoka walikuwa kama 20,000. Wengi walipokelewa Prussia. Kikundi kidogo kilisaidiwa na chama cha Waanglikana cha London, S.P.C.K., ndicho hicho kilichotuchapia vitabu vingi vya Kiswahili. Walifika Georgia Machi 1734 pamoja na wachungaji wawili, Boltzius na Gronau, na chama kikawalipa wachungaji hao mshahara. Ardhi yao ya kwanza ilikuwa mbaya na wengi walikufa. Mwaka 1736 wakahamia kando ya mto Savannah, na jina la Ebenezeri wakahama nalo.

Mwaka huo huo alifika mjini Savannah kasisi kijana wa Kanisa letu, John Wesley. Boltzius alipotaka kushiriki Meza ya Bwana, Wesley alimkatalia, kwa kuwa aliyembatiza hakuwa amewekewa mikono na askofu. Hebu tufikiri: chama cha Waanglikana kinamlipa mchungaji, na kasisi Mwanglikana anamnyima mkate. Wala Wesley hakuwa mtu mbaya. Alifunga, alisali, aliogopa kuvunja kanuni za Kanisa la kale. Kwa hiyo kosa lake linatugusa, maana sisi nasi tumewahi kumwuliza mgeni cheti kabla ya kumwuliza habari za safari.

Mwaka 1749 Boltzius alimwandikia Wesley barua ya unyenyekevu. Wesley aliitia katika kitabu chake cha kumbukumbu, akaeleza wazi kwamba mtu huyu ndiye aliyemfukuza Mezani, na kwamba yeye mwenyewe baadaye alitendewa vivyo hivyo na wengine wenye bidii kama ile yake. Kitabu hicho alikichapisha mwenyewe, watu wote wakasome.