Anayesikia Rangi: Chombo au Kiungo?

Mwanafunzi wa fasihi akikutana na kauli "nasikia rangi" aghalabu huiita sitiari na kuendelea na kazi yake. Makala haya yanadai kuwa katika sanaa ya Neil Harbisson kauli hiyo haina budi kuchukuliwa kama ilivyo.

Harbisson, aliyelelewa Catalonia nchini Uhispania, alizaliwa akiwa haoni rangi yoyote ila kijivu. Mwaka 2003, alipokuwa akisomea muziki Uingereza, alianza kushirikiana na Adam Montandon kuunda kifaa cha kugeuza rangi kuwa sauti. Baadaye kifaa hicho kikawa antena iliyopandikizwa fuvuni, ikipinda juu ya kichwa hadi mbele ya paji la uso. Kila rangi ina noti yake, nyekundu ikiwa ya chini na zambarau ya juu, nayo sauti hupitia mfupani. Mtu akiketi mbele yake, Harbisson huelekeza antena kwenye ngozi, midomo, macho na nywele, akaunda taswira ya uso kwa noti. Antena hunasa hata miale ya infraredi na ya ultravioleti, ambayo sisi hatuioni. Kwa hiyo ni vigumu kuiita mkongojo.

Mwaka 2004 maafisa wa pasipoti wa Uingereza waliikataa picha yake kwa sababu ya kifaa cha elektroniki. Alijitetea kuwa kile si chombo bali ni kiungo cha mwili, na hatimaye picha ikakubaliwa. Ngeli zetu zisingewafaa maafisa hao, maana chombo na kiungo vyote ni vya KI-VI! Hata hivyo, kipofu na kiziwi nao wana kiambishi kicho hicho, lakini twasema "kipofu huyu amefika". Upatanisho huutambua utu ambao umbo la neno limeuficha.

Kitenzi "kusikia" nacho ni kipana: twasikia harufu, baridi, hata njaa. Rangi tu ndiyo hatujaisikia.

Pingamizi kubwa ni kwamba noti zilichaguliwa na watu na kutiwa katika programu. Basi hisi hiyo ni ya nani? Harbisson hueleza kuwa alianza kujiona kitu kimoja na kifaa alipoota ndoto za rangi. Ndotoni, sauti zilitolewa na ubongo wake, programu ikiwa haina kazi.