Kolesteroli na Vidonge vya Asili

Ndugu msomaji, siku hizi ni wengi wanaopimwa damu na kuambiwa kuwa kolesteroli yao imezidi. Watokapo hospitali hupokewa na matangazo ya vidonge vya kitunguu saumu, mdalasini, manjano na mafuta ya samaki, vyote vikisifiwa kuwa ni vya asili na kwa hiyo havina madhara. Wengine huacha dawa walizoandikiwa na daktari wakashika vidonge hivyo. Basi yafaa jambo hili lipimwe kwa hoja, si kwa sifa za muuzaji.

Kolesteroli ni nini? Ni kitu kama nta ambacho ini lenyewe hukitengeneza, na bila hicho mwili hauwezi kujenga chembe zake wala kufanya nyongo. Ubaya wake ni kuzidi, hasa ile iandikwayo LDL katika karatasi ya maabara. Ikizidi kwa miaka mingi hujishika katika kuta za mishipa ya damu na kuibana njia, na mwisho wake waweza kuwa shambulio la moyo au kiharusi. Nayo haina maumivu; mtu huijua kwa kupimwa tu.

Je, hakuna kitu cha asili kinachosaidia? Kipo. Maharagwe, kunde, dengu na uji wa shayiri vina aina ya nyuzinyuzi ambazo zikilowa huwa kama ute. Ute huo huinasa nyongo matumboni na kutoka nayo. Ini likitaka kufanya nyongo nyingine, hulazimika kuchukua kolesteroli iliyomo katika damu. Ndivyo LDL inavyopungua. Lakini upungufu huo ni mdogo, nao hudumu maadamu mtu anadumu kula hivyo. Faida huongezeka akipunguza samli, mafuta ya nyama na tui zito, na kupikia mafuta kama ya alizeti.

Ama kuhusu vidonge, uchunguzi umefanywa. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwajaribu watu 192 kwa muda wa miezi 6. Wengine walipewa kitunguu saumu kibichi, wengine vidonge vyake, na wengine vidonge visivyo na dawa. LDL haikupungua kwa kitunguu saumu cha aina yoyote. Mwaka 2022 uchunguzi mwingine wa Marekani, wa watu wapatao 190, ulilinganisha vidonge vya asili vya aina 6 na miligramu 5 tu za dawa ya hospitali iitwayo rosuvastatini. Baada ya siku 28 dawa hiyo ilikuwa imeshusha LDL kwa zaidi ya theluthi moja. Miongoni mwa vile 6, hakuna hata kimoja kilichokishinda kidonge kisicho na dawa.

Huenda mtu akasema: "Lakini vitu vya asili havina sumu." Hoja hii haina nguvu. Muhogo mchungu nao ni wa asili, na kila mpishi ajua kuwa usipotayarishwa vizuri huua. Tena, wapo wauzao vidonge vya mchele mwekundu wa Kichina, uliochachushwa kwa ukungu. Vidonge hivyo vikiwa na nguvu, nguvu hiyo yatokana na monakolini K, nayo ni kitu kile kile kiitwacho lovastatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Basi aikimbiaye dawa hospitali huenda akaimeza dukani, ila bila kujua kipimo chake. Mwaka 2024 huko Japani, vidonge vya mchele huo viliondolewa sokoni baada ya watumiaji kupatwa na maradhi ya figo.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, shika mambo matatu:

1. Dumu na chakula bora, tembea kila siku, na uache sigara.

2. Mwambie daktari kila kidonge unachomeza, hata kile ulichopewa na jirani.

3. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa shauri la muuzaji. Ikikuletea maumivu ya misuli au taabu nyingine, rudi kwa daktari aibadilishe, kisha upimwe tena.

Mwili ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu, na amana hailindwi kwa kubahatisha.