Tivii ya chogo: pima kwanza, badili baadaye

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tivii nyingi za chogo zikaishia stoo. Lakini yenye matundu ya AV bado inafanya kazi na king'amuzi. Haya ni maswali ya wasomaji wa Iringa wanaotaka kuzifufua.

Swali: Imekaa stoo miaka mingi. Niichomeke tu?

Hapana. Ifungue, toa vumbi, tafuta kapasita zilizovimba au kuvuja. Kisha chomoa koili ya kuondoa sumaku (degaussing), ile inayozunguka picha tyubu kwa nyuma, si ile ya shingoni, uunge balbu ya zamani ya wati 100 kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima.

Swali: Hatari iko wapi?

Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daiodi hufika takriban volti 325 ndani ya kapasita kubwa ya pawa, na chaji hubaki hata plagi ikichomolewa. Imalize kwa rizista ya kilo-om 2.2, wati 10, kisha hakikisha kwa mita. Chini ya kofia ya mpira ya picha tyubu ya rangi kuna zaidi ya volti 20,000. Kama hujafundishwa kuitoa chaji hiyo, usiiguse.

Swali: Fundi, mbona asubuhi inagoma, mchana inawaka?

Baridi yetu ya Juni na Julai hufichua kapasita zilizokauka. Chomoa plagi, maliza chaji, pasha kapasita ndogo za pawa moja moja kwa draya ya nywele, kisha washa. Ile inayoifanya tivii iwake ndiyo mgonjwa.

Swali: Naona mstari mmoja mweupe wa mlalo katikati ya kioo. Ninunue IC?

Bado. Punguza mwanga, maana mstari huo huunguza kioo, kisha zima. Kagua kwa lenzi miguu ya IC ya wima, ile inayotanua picha juu na chini. Risasi iliyopasuka huacha duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Chomelea upya, na ukikosa nafuu pima kapasita zake.

Swali: Kapasita mpya niichagueje?

Mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, ya nyuzi joto 105. Usichomoe kwenye bodi kuukuu, kwani nayo imeshachoka. Angalia upande wa hasi. Badili moja, washa, upime. Ukibadili kumi kwa mpigo na ukakosea moja, umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.