Fuso Kuvuta Tela: Tupige Hesabu Kwanza

Shemeji amepiga simu: “Tuma hela, tuigeuze Fuso ivute tela.” Ngoja kwanza, tupige hesabu. Hela ya kuchomelea si gharama yote. Kuna chasi kuongezewa nguvu, breki za upepo zifike hadi kwenye tela, na klachi iliyozoea mzigo mdogo.

Tuseme una akiba milioni 20. Tunagawa hivi: 8 vifaa, 5 fundi akimaliza, 4 ukaguzi, kadi na bima, 3 zibaki za matengenezo. Kila fungu litoke ukishaona risiti na picha za kazi iliyotangulia.

Bima usiirukie: kama haitaji tela, ajali ikitokea unaweza kukosa fidia, na jasho lako la miaka likaishia hapo.